Kosa linalokaa kimya: Jinsi makosa ya matengenezo yanavyoathiri usalama wa ndege

Breki iliyounganishwa vibaya, bolti nyembamba kwa chini ya milimita moja, injini ambazo muda wake wa matumizi umekwisha. Makosa ya mafundi wa ndege ni nadra, lakini yana sifa moja inayoyafanya yawe ya hatari: hayajitokezi papo hapo. Makala haya yanaeleza yanavyotokea, yanavyozuiwa, na kwa nini kumwadhibu fundi peke yake hakutoshi kuwalinda abiria.

Katika gereji za Ntinda, kaskazini-mashariki mwa jiji la Kampala, kazi ya breki haiishii pale fundi anapokaza nati ya mwisho. Fundi hulitoa gari barabarani, hulikimbiza mwendo mfupi, hukanyaga breki mara mbili tatu, kisha hurudi. Kama kuna jambo limekwenda kombo, gari lenyewe litasema: litavuta upande mmoja, litatoa mlio, au kanyagio litazama hadi chini. Fundi ataingia tena uvunguni, atarekebisha, na mwenye gari ataondoka akiwa amepoteza nusu saa tu ya siku yake.

Mkazi huyo huyo wa Ntinda akishika barabara ya Northern Bypass kuelekea Entebbe kupanda ndege, anakwenda kuyakabidhi maisha yake kwa chombo cha namna nyingine. Ndege ya abiria hutumia breki kila inapotua, lakini nguvu yote ya breki hizo huhitajika mara chache mno, hasa siku rubani anapolazimika kukatisha safari ndege ikiwa tayari inakimbia kwa kasi kubwa kwenye njia ya kurukia. Kosa lililofanyika karakanani laweza kulala ndani ya ndege kwa siku, kwa miezi, hata kwa miaka, likingoja saa hiyo moja.

Afrika Mashariki inaijua saa hiyo.

Addis Ababa, 18 Aprili 1972

Siku hiyo, ndege aina ya Super VC10 ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki ilikuwa safarini kutoka Nairobi kwenda London, kupitia Addis Ababa na Roma. Shirika hilo lilikuwa mali ya pamoja ya Kenya, Uganda na Tanzania. Ndege yenyewe ilikuwa imesajiliwa Uganda, kwa namba 5X-UVA, na ndani yake walikuwemo watu 107.

Ilipokuwa ikikimbia ili ipae kutoka Addis Ababa, gurudumu la mbele lilikanyaga kipande cha chuma kilichokuwa kimelala njiani. Kilikuwa ni kipande kinachotumiwa wakati ndege inapoinuliwa kwa jeki, na kilikuwa kimedondoka kutoka kwenye ndege ndogo iliyoruka hapo kabla. Tairi likapasuka na ndege ikatikisika. Rubani akaamua kuisimamisha, uamuzi ambao marubani hufundishwa kuufanya katika sekunde chache.

Ndege haikusimama. Ilipita mwisho wa njia ya kurukia, ikaporomoka kwenye ukingo, ikagonga mnara wa taa za kuongozea ndege, ikavunjika na kushika moto. Watu 43 walipoteza maisha, wakiwemo 8 kati ya marubani na wahudumu 11.

Wachunguzi walipofungua mfumo wa breki walipata jibu. Sehemu ya mfumo huo ilikuwa imeunganishwa tena kimakosa baada ya kufunguliwa, hivyo breki zikapoteza sehemu ya nguvu yake, na ndege haikuweza kusimama katika umbali uliokuwa umesalia.

Ajali hiyo inaonyesha namna makosa ya matengenezo yanavyofanya kazi. Breki peke yake haikuiangusha ndege. Ilikuwa imekwisha kutua salama kabla ya siku hiyo. Tairi lililopasuka nalo, peke yake, lisingeua watu 43. Ni pale dharura ya kawaida ilipokutana na kosa lililokuwa limejificha ndipo njia ya kuokoka ilipozibika. Wataalamu wa usalama wa anga husema kuwa ndege hujengwa kwa tabaka nyingi za kinga, ili kinga moja ikishindwa nyingine ishike. Kosa la matengenezo hutoboa tabaka moja bila mtu kujua, na rubani huendelea kuamini kwamba kinga zote zipo.

Muda wa kungoja waweza kuwa mrefu ajabu. Mwaka 1978 nchini Japani, ndege ya Boeing 747 ilikwaruza mkia wake chini ilipokuwa ikitua. Ukuta wa nyuma unaozuia hewa ya ndani isitoke ulifanyiwa ukarabati, lakini bamba la kuunganishia halikuwekwa kama mwongozo ulivyoelekeza, na mzigo uliopaswa kubebwa na safu mbili za ribiti ukabebwa na safu moja. Ndege hiyo iliendelea kuruka kwa miaka saba. Tarehe 12 Agosti 1985 ukuta ule ulipasuka angani, ukaharibu mkia na mifumo ya kuiongoza ndege. Kati ya watu 524 waliokuwemo, walionusurika ni 4 tu. Mpaka leo hakuna ajali ya ndege moja iliyoua watu wengi zaidi ya hiyo.

Fundi mzuri, usiku mbaya

Mtu akisikia habari za namna hii, wazo la kwanza humwendea fundi mzembe, mlevi, au asiyejua kazi. Ripoti za uchunguzi mara nyingi hueleza mtu wa namna tofauti.

Tarehe 10 Juni 1990, ndege ya British Airways yenye watu 87 iliondoka Birmingham, Uingereza, kuelekea Málaga, Hispania. Ikiwa zaidi ya mita 5,000 angani, kioo cha mbele upande wa rubani kilichomoka. Hewa iliyofoka ikamvuta rubani mkuu, Tim Lancaster, hadi nusu ya mwili wake ikawa nje ya ndege. Wahudumu walimshikilia kwa miguu kwa dakika ishirini hivi, huku rubani msaidizi, Alastair Atchison, akiiteremsha ndege hadi Southampton. Wote waliokuwemo walinusurika, rubani Lancaster akiwa miongoni mwao.

Kioo kile kilikuwa kimebadilishwa saa 27 kabla ya safari. Kilifungwa kwa bolti 90. Kati ya hizo, 84 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa kwa takriban theluthi mbili za milimita moja. Nyingine 6 zilikuwa fupi.

Aliyezifunga hakuwa mwanafunzi. Alikuwa msimamizi wa zamu, mwenye uzoefu wa miaka mingi, na kazi hiyo aliifanya mwenyewe kwa sababu watu walikuwa wachache usiku ule. Alizichukua bolti za zamani akatafuta zinazofanana nazo kwa kuangalia kwa macho, badala ya kusoma namba katika mwongozo. Mtunza stoo alimwambia namba sahihi ya bolti za kioo kile, lakini yeye aliamini zile zilizotolewa kwenye ndege. Alipozikosa za kutosha, alikwenda stoo nyingine isiyokuwa na mtu, yenye mwanga hafifu, bila kuvaa miwani yake ya kusomea, akachota zilizoonekana kuwa ndizo. Ilikuwa alfajiri, saa ambazo mwili wa binadamu hudai usingizi hata kama akili inakataa.

Hata bolti za zamani, ilikuja kubainika, hazikuwa za urefu sahihi. Zilikuwa zimeshika kwa miaka kwa bahati tu, na bahati hiyo ikachukuliwa kuwa ni ushahidi.

Hapa ndipo desturi ya gereji na desturi ya karakana ya ndege zinapoachana. Fundi wa magari, Ntinda au kwingineko, husifiwa kwa uwezo wake wa kubuni: skrubu ikikosekana, ataichonga inayokaribiana, kipuri kikiwa ghali, atakitoa kwenye gari bovu. Ustadi huo umewasafirisha watu wengi katika nchi ambazo vipuri ni ghali. Katika ndege, ustadi huo huo ni hatari. Bolti inayokaribiana haina tofauti na bolti isiyokuwepo; tofauti yake ni siku itakayoachia.

Zamu inapobadilika

Kosa jingine huzaliwa pasipokuwepo mtu hata mmoja anayekosea kwa mkono wake. Huzaliwa katikati ya watu wawili.

Usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 1991, mafundi wa shirika la Continental Express nchini Marekani walikuwa wakihudumia mkia wa ndege ndogo ya abiria. Zamu ya jioni ilifungua skrubu 47 zilizoshikilia ukingo wa mbele wa bawa dogo la mkiani, upande wa kushoto, juu. Kazi haikumalizika. Zamu ya usiku ilipoingia, haikuelezwa kikamilifu kilichokuwa kimefunguliwa, na skrubu zile hazikurudishwa. Ziko juu ya mkia, mahali ambapo mtu aliyesimama chini hawezi kuona.

Asubuhi ndege ilitoka Houston hadi Laredo salama. Iliporudi, ikiwa inashuka, ukingo ule ulichomoka. Watu wote 14 waliokuwemo walifariki.

Bodi ya uchunguzi ya Marekani ilitaja kushindwa kwa mafundi na wakaguzi kufuata taratibu. Lakini mjumbe mmoja wa bodi hiyo, John Lauber, alikataa kuishia hapo. Kwa maoni yake, sababu ya msingi ilikuwa uongozi wa shirika kutojenga utamaduni wa kazi unaohimiza na kusimamia ufuataji wa taratibu. Msimamo wake ulikuwa wa upande mdogo siku hiyo, ila miaka iliyofuata uliathiri sana namna ajali za aina hii zinavyotazamwa duniani.

Mwaka 1993, mtaalamu wa Idara ya Uchukuzi ya Kanada, Gordon Dupont, alikusanya mambo kumi na mawili yanayomfanya fundi mzuri akosee. Orodha hiyo sasa hufundishwa kwa mafundi wa ndege katika nchi nyingi: mawasiliano mabaya, kujiamini kupita kiasi kwa sababu ya mazoea, upungufu wa maarifa, kukatizwa kazi, kutoshirikiana, uchovu, ukosefu wa vifaa, shinikizo la muda, kutothubutu kusema, msongo wa mawazo, kutoona mbali, na desturi mbaya zilizozoeleka kazini.

Msomaji akiitazama orodha hiyo kwa makini ataona kuwa mengi kati ya hayo hayamo mikononi mwa fundi peke yake. Uchovu hutokana na ratiba. Ukosefu wa vifaa hutokana na bajeti. Shinikizo hutoka kwa mkubwa anayeuliza kwa mara ya tatu, "Ndege itatoka lini?"

Karatasi nayo ni sehemu ya ndege

Mwaka 2011, jina la Ntinda lilipata kutajwa katika habari za kimataifa kuhusu usafiri wa anga. Chris Nsamba, kiongozi wa mradi ulioitwa African Space Research Programme, pamoja na vijana waliojitolea, walikuwa wakiunda ndege waliyoipa jina la African Skyhawk katika ua wa nyumba ya mama yake. Picha za ndege ikiundwa kati ya nyumba za mtaa ziliwavutia wengi.

Mradi wa namna hiyo huibua swali ambalo kila ndege duniani, ndogo au kubwa, hulazimika kulijibu. Kuruka ni jambo moja. Jambo la pili ni nani aliyethibitisha kila kiungo, kwa kipimo gani, na saini yake iko wapi. Kwa mamlaka ya usafiri wa anga, ndege haikamiliki kwa bati na injini pekee. Inakamilika pale ambapo historia yake yote imeandikwa: kipuri gani kilifungwa tarehe ipi, kilitoka wapi, kimefanya kazi saa ngapi, na nani alikikagua.

Sababu ya ukali huo ni kwamba vyuma huchoka. Injini za ndege, au sehemu zake muhimu, zina ukomo wa saa au safari ambazo zinaruhusiwa kufanya kabla ya kufunguliwa na kukaguliwa au kubadilishwa. Kwa nje, injini iliyofikia ukomo wake haina tofauti na iliyo mpya. Itawaka, itanguruma, itaivuta ndege. Kinachoonyesha kwamba muda wake umekwisha ni daftari.

Uganda ilikumbushwa hilo tarehe 9 Machi 2009. Alfajiri ya siku hiyo, ndege ya mizigo aina ya Ilyushin Il-76 iliondoka Entebbe kuelekea Mogadishu, ikiwa na vifaa vya kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia. Muda mfupi baada ya kuruka ilianguka katika Ziwa Viktoria, karibu kilomita 10 kutoka uwanjani. Watu wote 11 waliokuwemo walifariki, wakiwemo maafisa wa jeshi la Burundi.

Uchunguzi uliofanywa nchini Uganda ulibaini kwamba injini zote nne za ndege hiyo zilikuwa zimepitiliza muda wake wa matumizi. Kampuni iliyoiendesha ilidai kuwa injini zilifanyiwa kazi ya kuongezewa muda na kupewa idhini. Dai hilo halikuweza kuthibitishwa.

Hapo ndipo uzito wa karatasi unapoonekana. Katika ajali ya Addis Ababa, mkono wa fundi uliunganisha kitu vibaya. Katika ile ya Entebbe, wachunguzi waliuliza swali lililo rahisi kuliko yote, kama kazi ilifanyika au haikufanyika, na rekodi haikuweza kuwajibu. Ndege isiyo na rekodi ya kuaminika huruka kwa neno la mdomo.

Macho ya pili

Makosa hayawezi kufutwa kabisa, kwa kuwa wanaofanya kazi ni binadamu. Kinachowezekana ni kuyanasa kabla ndege haijatoka karakanani. Njia zinazotumika si za ajabu.

Ya kwanza ni ukaguzi wa mtu wa pili. Kazi inapogusa mifumo ambayo ikishindwa ndege haiongozeki, kama vile nyaya na mitambo ya mabawa na mkia, fundi mmoja hufanya kazi na mwingine, ambaye hakushiriki, huikagua kwa uhuru na kutia saini yake. Kioo kile cha Birmingham hakikuwa katika orodha ya kazi zinazohitaji jicho la pili. Aliyekifunga ndiye aliyejiidhinishia.

Ya pili ni kuhesabu vifaa. Katika karakana nyingi, kila spana na bisibisi ina mahali pake ubaoni, pamechorwa umbo lake. Zamu inapokwisha, nafasi iliyo tupu huonekana mara moja, na ndege haitoki hadi kifaa kipatikane. Vizibo na pini zinazowekwa wakati wa kazi hufungwa utepe mwekundu mrefu ili visisahaulike. Mwaka 1996 nchini Peru, mafundi walioosha ndege ya Boeing 757 walisahau kubandua utepe wa gundi waliokuwa wameufunika kwenye matundu madogo yanayopima mgandamizo wa hewa. Marubani waliruka usiku juu ya bahari bila kujua kasi yao wala kimo chao halisi. Watu wote 70 walifariki. Utepe ule ulikuwa na rangi inayofanana na bati la ndege.

Ya tatu ni makabidhiano ya maandishi. Kila kilichofunguliwa huandikwa kabla ya kuendelea na kingine, ili fundi akiitwa simu, akiugua, au zamu yake ikiisha, anayefuata asome badala ya kukisia.

Ya nne ndiyo ngumu kuliko zote, nayo ni uhuru wa kukiri. Fundi aliyefika nyumbani, akalala, kisha akashtuka usiku akijiuliza kama alikaza nati fulani, anapaswa kuweza kupiga simu saa ileile na kusema, "Isimamisheni ndege hiyo." Akijua kuwa simu hiyo itamfukuzisha kazi, huenda akajituliza kwa kusema kwamba pengine aliikaza. Kwa sababu hiyo, mashirika mengi yameweka utaratibu unaotofautisha kosa la kibinadamu, ambalo mtu analitaja mwenyewe, na ukaidi wa makusudi kama kughushi saini au kutia saini kazi ambayo haikufanyika. La kwanza hupokelewa na kuchunguzwa ili lisirudiwe. La pili huadhibiwa.

Msingi huo umo pia katika kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, ambazo zinasema lengo pekee la uchunguzi wa ajali ni kuzuia nyingine, wala si kugawa lawama. Kwa familia zilizofiwa, kauli hiyo yaweza kusikika baridi. Haki yao ya kudai uwajibikaji mahakamani inabaki palepale. Lakini mchunguzi anayetafuta wa kumfunga hupata watu waliofunga midomo, na sababu ya ajali hubaki ndani ya karakana, ikingoja ndege nyingine.

Nani humkagua mkaguzi?

Juu ya fundi yupo mkaguzi, juu ya mkaguzi lipo shirika, na juu ya shirika ipo mamlaka ya nchi. Mlolongo huo una nguvu sawa na pingili yake iliyo dhaifu.

Desemba 2024, Tume ya Ulaya iliizuia Air Tanzania kuruka katika anga ya Umoja wa Ulaya. Juni 2025, zuio hilo lilipanuliwa na kuyagusa mashirika yote yaliyopewa leseni nchini Tanzania. Hoja kuu ya Tume ilielekezwa kwa usimamizi wa mamlaka ya nchi, ikitaja uhaba wa wataalamu wenye sifa na udhaifu katika kufuatilia uendeshaji wa ndege na ustahiki wake wa kuruka. Mashirika ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo yamekuwa katika orodha ya namna hiyo tangu ilipoanzishwa mwaka 2006.

Kwa hiyo swali la usalama haliishii kwenye ndege kuwa mpya au kuukuu. Ndege mpya yenye wakaguzi wachache huzeeka upesi. Ndege kongwe iliyotunzwa kwa kufuata mwongozo yaweza kuruka salama kwa miongo kadhaa. Mataifa ya Afrika Mashariki yana vyombo vya kushughulikia hilo kwa pamoja. Wakala wa jumuiya unaosimamia usalama wa anga, CASSOA, ulioanzishwa mwaka 2007, una makao yake Entebbe. Chuo cha usafiri wa anga cha Soroti, mashariki mwa Uganda, kilichoanzishwa mwaka 1971 enzi za jumuiya ya kwanza, hufunza marubani na mafundi wa ndege pia. Mwanafunzi wa urubani hupigwa picha akiwa na sare. Mwanafunzi wa ufundi hutoka na mafuta mikononi, na ni nadra jina lake kujulikana na abiria, isipokuwa mambo yakiharibika.

Abiria afanye nini?

Abiria hawezi kukagua breki wala kuhesabu skrubu za mkiani. Anachoweza ni kujua maana ya mambo machache anayoyaona.

Akiona bati la ndege limebandikwa kiraka au utepe wa rangi ya fedha, asihofu: kuna utepe maalumu wa chuma unaoruhusiwa katika miongozo ya ukarabati kwa sehemu zisizobeba mzigo. Akimwona rubani akiizunguka ndege kwa miguu kabla ya safari, ajue hilo ni ukaguzi unaofanywa kila safari. Akitaka kujua hali ya shirika, orodha ya Umoja wa Ulaya ya mashirika yaliyozuiwa iko wazi kwa umma na husahihishwa mara kwa mara. Na akiona jambo lisilo la kawaida, kama kifuniko kinachoning'inia bawani au kimiminika kinachochuruzika, amwambie mhudumu hapo hapo, hata akihofia kuonekana mjinga.

Zaidi ya yote, kuna tangazo ambalo kila msafiri wa Entebbe, Nairobi au Dar es Salaam amewahi kulisikia: safari imeahirishwa kwa sababu za kiufundi. Watu huguna. Wapo wanaokosa ndege ya kuunganisha, wapo wanaokwenda kuzika. Wengine humfokea kijana wa mapokezi ambaye hana analolijua.

Mara nyingi nyuma ya tangazo hilo yupo fundi aliyesimama chini ya bawa akiwa na daftari mkononi, ambaye ameona kitu kisichomridhisha, naye anaulizwa na mkubwa wake kwa mara ya tatu ndege itatoka lini. Hajatia saini. Kama mkubwa huyo atamsikiliza, abiria watafika wakiwa wamechelewa, na wengi wao hawatajua kamwe kilichokuwa kimeonekana.